Mkanda wa Skubi kutoka Maskati

Shangazi aliporudi kutoka Maskati mwaka 1994 kila mtu nyumbani alipata chake. Bibi alipata dele jipya la kahawa, mama akapata baibui na chupa ya udi wa kupaka, kaka akapata saa ya mkononi inayowaka taa ukiibonyeza. Mimi, niliyekuwa na miaka saba, nilikabidhiwa mkanda wa video. Haukuwa na kasha. Ulikuja ndani ya mfuko wa plastiki unaonukia halua, na ubavuni ulibandikwa karatasi yenye maneno ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Shangazi alisema ni katuni ya mbwa, amezirekodi mwenyewe kwenye televisheni ya huko akiwakumbuka watoto wa kaka yake.

Televisheni hatukuwa nayo. Tulikaa Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, na deki ya video ilikuwa moja tu kwa karibu, kwa mzee jirani aliyeuza vipuri vya baiskeli. Alikubali tuje Alhamisi alasiri, siku ambayo chuo cha Kurani kimefungwa. Tulitandika mkeka sebuleni kwake, watoto labda kumi na wawili, na yeye akatuweka tusubiri. Alifungua kifuniko cha deki, akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta hedi taratibu kama anayefuta jicho la mtoto. Kisha akaurudisha mkanda nyuma mpaka ukagonga mwisho wake, tak, na ndipo akabonyeza.

Mchirizi mweupe ulipanda kutoka chini ya kioo hadi juu ukapotea, na hapo alikuwepo: mbwa mkubwa wa kahawia mwenye mabaka meusi mgongoni na kola ya bluu shingoni, amejificha nyuma ya kijana mwembamba, na kijana mwenyewe anahangaika kujificha nyuma ya mbwa.

Ile ilikuwa Scooby-Doo, Where Are You!, iliyoanza kurushwa Marekani na CBS asubuhi ya Jumamosi, tarehe 13 Septemba 1969, miaka mingi kabla sijazaliwa. Vijana wanne na mbwa wao wanazunguka kwa gari, kila wanapofika pana mzimu, na mwisho mzimu unakamatwa na kuvuliwa sura ya bandia. Misimu miwili ya kwanza ilikuwa na vipindi 25 kwa jumla. Sisi tulikuwa na vitatu, na cha tatu hakikuwa kizima.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kiarabu. Herufi tulizijua, mimi nilikuwa nimeshahitimu juzuu ya Amma. Tukaanza kusoma kwa sauti, wote pamoja, kama tulivyozoea chuoni. Tukakwama neno la kwanza. Maandishi yale hayakuwa na irabu. Huoni fat-ha, huoni kasra, huoni dhumma. Hujui useme ba, bi au bu, na kabla hujaamua mstari umeshaondoka umekuja mwingine. Nakumbuka nilivyoumia. Nilidhani nikishajua kusoma, nimejua.

Kaka yangu alikuwa kidato cha pili. Alisimama kando ya televisheni, mkono mmoja juu yake, akaanza kututafsiria.

Kwanza aliwapa majina. Yule mwembamba mwenye vinyweleo kidevuni akawa Kidevu. Msichana wa sweta ya chungwa akawa Miwani. Yule mwingine, gauni la zambarau na nywele nyekundu, akawa Bibi Zambarau. Kijana wa nywele za njano aliyefunga skafu shingoni akawa Tai. Gari lao lenye rangi ya bluu na kijani na maua ya chungwa ubavuni lilikuwa kipanya, hapakuhitajika mjadala, kwa sababu vipanya vya mjini kwetu navyo vilichorwa hivyo hivyo, kila tajiri na nakshi zake. Biskuti anazopewa mbwa ili akubali kwenda kwenye hatari zikawa visheti. "Miwani anamuuliza: utaenda kwa kisheti kimoja? Skubi anakataa. Anampandishia: viwili?" Hapo tulicheka mpaka mwenye nyumba akaja kutazama.

Mbwa mwenyewe kaka hakumtafsiri. Skubi akifungua mdomo, kaka alinyamaza na kuinua kidole, tumsikilize wenyewe. Na tulimwelewa! Skubi hasemi neno bila kulitanguliza kwa R, maneno yote yanatoka yamekunjwa, nusu kubweka nusu kusema. Aliyempa sauti ni Don Messick, mtu ambaye mwaka 1962 alikuwa ameshamsemea mbwa mwingine wa namna hiyo, Astro wa The Jetsons, na mwaka 1968 akamchekea mbwa Muttley kile kicheko cha pumzi. Alifariki mwaka 1997. Ninamheshimu sana mtu huyu. Watoto wa Marekani walioijua lugha na sisi wa Ngamiani tusiojua neno, kwa Skubi tulikaa mkeka mmoja.

Baada ya Alhamisi kama tano hivi nikaanza kugundua kitu. Wakikimbizwa ndani ya jumba, ilipita taa ya ukutani, kikapita kiti, kikapita mlango, halafu taa ile ile, kiti kile kile, mlango ule ule. Nikamuuliza kaka. Hakusita hata kidogo. "Jini kaizungusha nyumba," alisema. "Wao wanadhani wanakwenda mbele." Usiku ule nililala nikiwa nimeshika kanga ya mama.

Sababu yenyewe niliijua nikiwa mtu mzima, na naipenda karibu kama ile ya kaka. William Hanna na Joseph Barbera, ambao studio yao ndiyo iliyokuja kumtengeneza Skubi, walikuwa wakitengeneza filamu za paka na panya kwenye kampuni ya MGM, kazi ya pesa nyingi, kila mjongeo unachorwa upya. Mwaka 1957 ile idara ya katuni ikafungwa. Wakaingia kwenye televisheni, ambako fedha ni kidogo na vipindi vinatakiwa kila wiki. Ikabidi wachore kidogo. Mwili unasimama, mdomo tu ndio unaotembea. Ukuta unachorwa mara moja, mrefu, halafu unavutwa nyuma ya wanaokimbia na kurudiwa upya ukifika mwisho. Na nguo hazibadilishwi kipindi hadi kipindi.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kazi hapa Dar es Salaam, nashona sare za shule na nguo za harusi, na jambo la katuni hizi lililonishika kuliko yote ni la kola. Dubu wao Yogi, aliyetangulia Skubi kwa zaidi ya miaka kumi, amevaa kola na tai bila shati. Kwa nini dubu avae kola? Kwa sababu kichwa kilichorwa kwenye karatasi yake angavu ya plastiki na mwili kwenye nyingine. Dubu akigeuka au akisema, wanabadilisha kichwa tu, mwili unabaki ule ule, na kola ndiyo inayofunika pale viwili vinapokutana. Niliposoma hivyo niliweka mkasi chini. Shingo ndiyo inayomfichua fundi. Unaweza kupatia mabega, ukapatia kiuno, lakini kola ikivuta upande mmoja mteja ataiona kabla hajaona kingine chochote, na mishono yote migumu unaizika humo ndani. Sasa mtazame Skubi na kola yake ya bluu, mtazame Tai na skafu yake, mtazame Miwani na shingo ya sweta iliyopanda mpaka kidevuni.

Aliyemchora Skubi aliitwa Iwao Takamoto. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1925, wazazi Wajapani, na wakati wa vita kuu ya pili serikali ya Marekani ilimfungia yeye na familia yake katika kambi ya Manzanar, California, pamoja na maelfu ya Wamarekani wenye asili ya Japani. Huko kambini ndiko wafungwa wenzake wawili walikomfundisha kuchora. Miaka mingi baadaye alipoambiwa achore mbwa wa aina ya Great Dane, alikwenda kwa mwanamke mmoja pale studio aliyekuwa akifuga mbwa hao. Yule mwanamke akamweleza sifa za mbwa bora wa kushinda tuzo: mgongo ulionyooka, miguu iliyonyooka, kidevu kidogo. Takamoto akashukuru, akaenda kuchora kinyume chake: mgongo wa kuteremka, miguu ya matege, kidevu kinene. Nimeushika ule mchoro mara nyingi kwenye simu, nikaukuza, nikafuata mstari kutoka sikioni hadi mkiani. Hakuna mahali ulipotetereka. Mtu asiyejua vipimo hawezi kukosea kwa ustadi namna ile.

Mpango wa kwanza haukuwa na mbwa mbele. Waandishi Joe Ruby na Ken Spears walianza na vijana watano wenye bendi ya muziki, mbwa wao akipiga ngoma. Wakati huo wazazi wa Marekani walikuwa wamechoshwa na katuni za kupigana za Jumamosi asubuhi na walilalamika waziwazi. Wakuu wa CBS walipoona michoro ya mizimu wakasema hapana, inatisha mno. Ndipo Fred Silverman, aliyesimamia vipindi vya mchana, akataka mbwa aletwe mbele. Jina, alisimulia mwenyewe, alilipata kwenye ndege akimsikiliza Frank Sinatra akimalizia wimbo kwa kughani doo-be-doo-be-doo. Wakamleta mbele, wakampa woga wote. Mimi naona hapo ndipo katuni ilipopona. Mbwa mkubwa kuliko vijana wote anatetemeka magoti, na mtoto aliyeketi kwenye mkeka anapata nafasi ya kusema, mbona mimi siogopi hivyo.

Zipo zilizofuata, za miaka ya 1970 na 1980, na mojawapo ya mwaka 1985 ina mizimu ya kweli kabisa. Nimejaribu kuitazama. Nilizima. Kwangu Skubi ni yule ambaye mzimu wake una vifungo mgongoni.

Sasa niseme juu ya kipindi cha tatu kwenye ule mkanda.

Kwao kilirushwa mara ya kwanza tarehe 20 Septemba 1969, kikiwa cha pili. Sisi tulikiita Nahodha. Ni usiku, ufukweni, na kutoka majini anatoka mzamiaji aliyevaa suti ya zamani ya kuzamia na kofia kubwa ya chuma, mwili mzima umening'inia mwani, na mwani wenyewe unawaka. Anatembea polepole. Watu wanasema ni mzimu wa nahodha aliyezama na chombo chake, na tangu aanze kuonekana boti zinapotea. Yupo na mjane wake, mama wa ajabu ajabu, anayehadithia habari za mumewe.

Kwa mtoto wa Tanga mambo haya hayakuwa mbali. Mwani tunaujua, tunaujua unavyonuka na unavyong'ang'ania miguuni. Usiku wa kwanza wa Nahodha hakuna mtoto wa barabara ya kumi na mbili aliyekubali kwenda chooni peke yake.

Lakini kulikuwa na jingine. Baba yetu alikuwa baharia. Aliondoka mwaka 1990 na meli ya mizigo, barua yake ya mwisho ilitoka Durban, na baada ya hapo kimya. Hakuna aliyetuletea habari ya kifo, hakuna aliyetuletea habari ya uzima. Mama hakukaa eda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. Hakuolewa tena pia. Nyumbani jina la baba lilitajwa kwenye dua, basi.

Nahodha anakimbizwa, mtego unategwa, anakamatwa. Wote wanne wamemzunguka, Skubi anachungulia kati ya miguu yao. Tai anaweka mikono miwili kwenye ile kofia ya chuma, anaanza kuinyanyua, na hapo hapo picha ikageuka chenga. Chenga nyeupe na mvumo. Utepe wa shangazi ulikuwa umeishia hapo.

Nililia. Silii kwa urahisi, hata utotoni, ila siku hiyo nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Watoto wengine walipiga kelele za hasira, mwenye nyumba akapeleka mkanda mbele, akaurudisha, akapeleka tena, chenga tupu. Kaka hakuondoka pale kwenye televisheni. Alisubiri kelele zipungue, akaendelea kutafsiri, macho yake kwenye chenga.

"Wamemvua kofia," alisema. "Ni nahodha mwenyewe. Hakufa. Alikuwa amejificha tu, na sasa amepatikana."

Nikamuuliza, na mkewe?

"Mkewe ameambiwa. Yuko njiani anakuja."

Tuliutazama mkanda ule sijui mara ngapi kwa miaka mitatu, na kila mara picha ilipokatika kaka alisema maneno yale yale, hakuongeza, hakupunguza. Baadaye alipoanza kazi ya utingo na kukosekana nyumbani, tuliyasema sisi wenyewe, kumi na wawili kwa sauti moja mbele ya chenga. Mkanda ulikufa kwa kuvu kwenye mvua za El Nino, mwanzoni mwa 1998. Mama alijaribu kuuanika.

Mwaka jana kijana wa dukani aliniwekea vipindi vyote 25 kwenye flashi, kwa ajili ya mwanangu ambaye naye ana miaka saba. Jioni hiyo nilikuwa na sare za watu za kumaliza. Yeye anatazama, mimi nashona kwa nyuma. Kipindi cha kwanza kikapita, cha shujaa wa vazi la chuma kwenye jumba la makumbusho, nikawa nacheka peke yangu, kwa sababu hicho kaka alikitafsiri kama kisa cha mahari. Hakuna mahari. Kuna mkuu wa makumbusho anayeiba picha za thamani na kuweka za kughushi. Majina yote si yale, maneno yote si yale. Sikupata hata sentensi moja ya kaka iliyokuwa imesemwa kweli na mtu yeyote mle ndani.

Kisha nikasikia mawimbi. Nilijua kabla sijainua uso. Nikasimamisha mashine, nikahamia kochini kando ya mwanangu, pini bado ziko mdomoni. Mzamiaji akatoka majini na mwani wake. Mjane akahadithia. Mbio, mtego. Mikono miwili kwenye kofia. Nilikuwa nasubiri chenga, naapa, miaka karibu thelathini na mwili wangu ulikuwa bado unasubiri chenga.

Kofia ikatoka. Ni nahodha Cutler mwenyewe. Hakufa. Alijifanya amezama, akajificha, ili aibe boti za watu bila kushukiwa, na mwani ule unaowaka aliuokota chini baharini.

Katika mkanda mzima, mambo ambayo kaka aliyasikia kwa masikio yake hakupatia hata moja, na lile ambalo halikuwepo akalipatia. Mwizi alikuwa mwizi, hilo hakulisema, lakini uso uliokuwa chini ya kofia alitutajia sawasawa.

Nikampigia. Siku hizi anaendesha lori, Dar kwenda Tunduma na kurudi. Alikuwa Makambako, amesimama kula, nyuma yake injini zinanguruma.

"Kaka, Nahodha hakufa."

Alichukua muda kidogo. "Umekipata?"

"Nimekiona chote. Ni yeye mwenyewe. Alijificha. Ulijuaje?"

"Sikujua kitu, mdogo wangu. Wewe ulikuwa unalia, na mama alikuwa amesimama mlangoni. Ningesema nini?"

Mlangoni. Mimi nilikaa mbele kabisa, uso kwenye kioo, na kwa miaka yote hii sikujua kuwa siku ile mama alikuwa amekuja kutuita, akasimama pale kwenye pazia la jirani, akatazama hadi mwisho.

Sikuweza kuendelea, nikampa mwanangu simu. Wakasalimiana, shikamoo mjomba, marahaba, na mwanangu akamwambia anatazama Skubi, kingine ndiyo kinaanza. Mjomba wake akamwambia aweke sauti kubwa, aisogeze simu kwenye televisheni. Muziki ukaanza.

"Wako wapi?" aliuliza kutoka Makambako.

"Kwenye boti," alisema mwanangu. "Kuna ukungu. Hawaoni mbele."

"Kidevu yupo?"

"Yupo. Anatetemeka na Skubi."

"Haya, nyamaza sasa," alisema kaka. "Kidevu anasema..."